Swali la Bungeni Huanzia Katika Daftari la Chama

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, katika semina iliyofanyika mjini Moshi)



Nimepewa nafasi hii ili niseme juu ya utunzaji wa vitabu. Bila shaka mnatazamia niwasomee tena orodha mnayoifahamu: stakabadhi, leja, daftari la mizani, vocha za malipo na kumbukumbu za mikutano. Orodha hiyo sitaiacha, lakini leo nitaipitia kwa njia nyingine. Nataka kuzungumza juu ya maswali ambayo Wabunge wetu huwauliza Mawaziri kuhusu barabara, reli, misitu, maji na mipango ya ardhi, na kueleza kwa nini maswali hayo, yawe mazuri au mabaya, huanzia mezani kwa katibu wa chama cha msingi.

Huenda mmoja wenu akasema moyoni, "Bunge liko Dodoma, nasi tuko huku kwenye vihamba vyetu, mkaguzi ameanza lini mambo ya siasa?" Ndugu zangu, hii si siasa. Kahawa iliyolowa kwa mvua kwa sababu gari halikuweza kuvuka mto ni hasara ya mwanachama, nami huikuta hasara hiyo katika hesabu za mwisho wa mwaka. Mfereji uliokauka ni hasara. Ng'ombe wa ndani aliyekosa majani ni hasara. Ikiwa hasara zote hizo zimo ndani ya vitabu vyetu, basi yatupasa kujua ni nani wa kuulizwa, na aulizwe namna gani.

HAKI YA KUULIZA

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, imelipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Njia ya kwanza kabisa iliyotajwa humo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Naomba mshike maneno hayo ya mwisho, "yaliyo katika wajibu wake", kwani nitayarudia.

Bunge linapokutana, kikao cha asubuhi huanza saa 3.00 kwa dua, na baada ya hati kuwasilishwa mezani hufuata kipindi cha maswali. Swali la msingi huwa limepelekwa mapema kwa maandishi, na Waziri au Naibu wake huja na jibu lililoandaliwa na wataalamu wa wizara. Baada ya jibu hilo, mwulizaji hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza, ambayo kwa kawaida ni mawili. Siku ya Alhamisi upo muda wa kumwuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo. Maneno yote hayo huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ambayo wengi huiita Hansadi. Taarifa hiyo siku hizi inapatikana hata katika tovuti ya Bunge, na kijana yeyote mwenye simu nzuri aweza kumsomea babu yake.

Haki hii haikuwapo siku zote. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa wawili wa kwanza, naye mmoja wao alitoka katika mlima huu: Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Mwenzake alikuwa Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Sasa tazameni tarehe za ushirika wetu. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Maana yake ni kwamba wazee wetu walikuwa na mizani, bohari na vitabu vya hesabu kwa miaka mingi kabla ya kuwa na mtu wa kusimama barazani na kuuliza kwa niaba yao.

Jirani zetu Wameru walilazimika kwenda mbali zaidi. Walipoondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York. Aliyewasaidia kuiandaa kesi yao ni wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi ya uwakili hapa Moshi. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo, jambo lao liliandikwa, likasomwa na dunia, na hadi leo linasomwa. Nami nasema hivi: ikiwa mtu alivuka bahari ili apate mahali pa kuulizia, sisi tunaoweza kuuliza kwa barua ya ukurasa mmoja hatuna udhuru wa kuuliza vibaya.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki mdhani kwamba nasimama hapa kama mtu asiyekosea. Nitawaeleza kosa langu, na chama kilichohusika sitakitaja.

Miaka kadhaa iliyopita, mvua za masika zilichukua magogo ya daraja dogo katika barabara iendayo kwenye bohari ya chama kimoja cha ukanda wa kati wa mlima. Msimu wa kahawa ulipofika, gari halikuweza kuvuka. Wanachama wakawa wanabeba magunia kichwani, wanashuka bondeni, wanakanyaga mawe ya mtoni, wanapanda ng'ambo ya pili. Wale wasio na nguvu walibebewa na wapagazi waliolipwa na chama, na malipo hayo yakakatwa katika fedha za kahawa ya watu wote.

Nilikuwa pale kwa ukaguzi. Katibu, mzee mwenye mvi, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Tuandikie barua kwa Mheshimiwa Mbunge." Nikaandika kurasa mbili. Nilitumia maneno yote mazuri niliyoyajua: kilio cha muda mrefu, kero isiyovumilika, macho yetu yote kwa Serikali yetu sikivu. Niliisoma mbele ya bodi, wajumbe wakapiga makofi. Nami nilifurahi.

Baada ya wiki kadhaa barua ilirudi kutoka kwa katibu wa Mbunge. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na maswali manne. La kwanza: barabara hii ni ya ngazi gani, na ina urefu gani? La pili: ni mzigo kiasi gani unaopita hapo kwa msimu? La tatu: hasara ni shilingi ngapi, na ushahidi uko wapi? La nne: jambo hili limekwisha kuombwa wapi, na lini?

Hatukuweza kujibu hata moja. Tuliahidi kutafuta, lakini kila mmoja alimtegemea mwenziwe. Mkutano wa bajeti ukapita. Msimu uliofuata watu walivuka tena kwa miguu, na siku moja ya mvua kijana mmoja aliteleza. Gunia lilichukuliwa na maji, naye akavunjika mkono.

Niliporudi kukagua vitabu vya mwaka huo ndipo nilipoona aibu yangu. Vocha za malipo ya wapagazi zilikuwamo, moja baada ya moja, na tarehe zake. Hati za kupelekea mzigo zilikuwamo, zikionyesha idadi ya magunia. Kumbukumbu za mkutano mkuu zilikuwamo, zikieleza kwamba chama kiliomba daraja hilo kwa Serikali ya Kijiji miaka miwili kabla. Na mwaka uliotangulia, wiki ile ile niliyoandika barua, mimi mwenyewe nilikuwa nimezitia karatasi hizo alama kwa kalamu yangu ya kijani, kuthibitisha kwamba nimeziona! Majibu ya maswali matatu kati ya manne yalikuwa katika kabati la katibu, hatua tatu kutoka kwenye meza niliyoandikia kilio changu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwamba hata penye daftari, mali hupotea vile vile ikiwa hakuna anayelifungua.

Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja ngazi ya barabara kama tulivyoelezwa na ofisi ya wilaya, urefu wake, idadi ya magunia kwa misimu miwili, jumla ya malipo ya wapagazi, na tarehe ya ombi la kwanza. Diwani aliipeleka katika Baraza la Madiwani, na nakala ikaenda kwa Mbunge. Kalvati ilijengwa, ingawa tulingoja msimu mwingine. Sidai kwamba barua ile ndiyo iliyoijenga. Wapo wengi waliofanya kazi. Nasema tu kwamba barua ya kwanza haikuweza hata kugeuzwa kuwa swali.

NANI AULIZWE?

Narudi sasa kwenye maneno "yaliyo katika wajibu wake". Swali likipelekwa kwa Waziri asiyehusika, jibu lake ni fupi, nao muda umekwisha kupotea. Katibu wa chama sharti ajue milango.

Tuanze na barabara. Barabara kuu, kama hii itokayo Dar es Salaam ikapita Himo na Moshi kuelekea Arusha, pamoja na barabara za mkoa, zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000, nao uko chini ya Waziri wa Ujenzi. Barabara za wilaya, zile za mkusanyo, za mlisho na za jamii, pamoja na barabara za miji, zinashughulikiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Hiyo iko chini ya Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, tuliyozoea kumwita Waziri wa TAMISEMI. Barabara nyingi zinazopanda kutoka barabara kuu hadi kwenye bohari zetu ni za namna hii ya pili. Basi chama kinachomlalamikia Waziri wa Ujenzi juu ya njia ya kwenda bohari, mara nyingi kimegonga mlango wa jirani.

Reli ina Waziri wa Uchukuzi. Mjue pia kwamba wizara hugawanywa na kuunganishwa. Ujenzi na Uchukuzi zilikuwa wizara moja hadi zilipotenganishwa mwaka 2023. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, hakikisheni jina la wizara lilivyo siku hiyo, msinakili barua ya zamani. Reli yenyewe ilifika Moshi mwaka 1911 wakati wa Wajerumani, ikapelekwa Arusha mwaka 1929, na tangu mwaka 1963 imeunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Wengi wenu mnakumbuka miaka ambayo hapakuwa na treni ya abiria, hadi iliporudi Moshi mwezi Desemba 2019. Chama kinachotaka kuuliza habari za kusafirisha mzigo kwa reli kisiulize tu "reli yetu vipi". Kiseme kina tani ngapi, katika miezi gani, na kutoka stesheni ipi, maana hakuna behewa linaloletwa kwa ajili ya malalamiko.

Mambo ya mazingira kwa ujumla yamekuwa kwa miaka mingi katika Ofisi ya Makamu wa Rais. Maji yana Waziri wake, na hapa Moshi ndiko yaliko makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mipango ya miji na upimaji wa ardhi ni kwa Waziri wa Ardhi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iko chini ya Waziri wa Maliasili na Utalii. Kahawa na ushirika wenyewe ni kwa Waziri wa Kilimo.

Aidha, si kila swali linastahili kwenda Dodoma. Liko swali la Serikali ya Kijiji, liko la Diwani, liko la mhandisi wa wilaya. Anayeanza juu kabla ya kupita chini huulizwa, na ni haki aulizwe: "Huko kwenu mlisemaje?"

MFANO WA NUSU MAILI

Nichukue sasa jambo moja ambalo kila mtu katika ukumbi huu analijua, nalo limeulizwa Bungeni zaidi ya mara moja na wabunge wa majimbo ya mlimani: ukanda wa msitu tunaouita Nusu Maili.

Ukanda huu ulitengwa mwaka 1941 kwenye ukingo wa chini wa msitu wa hifadhi, ili watu wa mlimani wapate kuni, miti ya kujengea na majani ya mifugo bila kuingia ndani ya msitu mkubwa, nao ukasimamiwa na utawala wa wenyeji. Baada ya Uhuru usimamizi wake ulibadilishwa mikono. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya sehemu za juu za mlima, na mwaka 1987 ikaandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, pamoja na Nusu Maili yake. Tangu hapo mama aliyezoea kukata majani jirani na kihamba chake amejikuta mbele ya mpaka wa hifadhi, na sheria za hifadhi ni kali kuliko zile alizozizoea.

Ndugu Wanachama, hapa zipo kweli mbili. Kweli ya kwanza ni ya yule mama. Ng'ombe wa ndani hula kila siku, mbolea yake ndiyo inayolisha migomba na kahawa, na chungu hakiivi bila kuni. Kweli ya pili ni ya msitu. Msitu ndio unaokinga mvua na ukungu na kuyaachia maji kidogo kidogo. Maji hayo hujaza mifereji yetu, hushuka hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kwa mto Pangani huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ile ya maporomoko ya Pangani. Sababu ambayo Serikali imeitegemea katika majibu yake ni uharibifu uliokuwa ukifanyika, nasi tukiwa wakweli tutakubali kwamba miti mikubwa ilikatwa na mbao zikapita usiku katika vijiji vyetu, watu wakanyamaza.

Swali baya hugombanisha kweli hizo mbili. Likisema, "Je, kwa nini Serikali inawapenda miti kuliko watu?" watu watacheka na kupiga meza, na Waziri atajibu kwa kusifu uhifadhi. Mwisho wake mama atarudi nyumbani na kamba yake mikono mitupu.

Swali zuri huuliza jambo ambalo jibu lake laweza kupimwa. Kwa mfano: "Je, ni utaratibu gani ulioandikwa unaowaruhusu wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi kuokota kuni kavu na kukata majani, ni siku zipi, na ni afisa gani anayewajibika kuutangaza katika kila kijiji?" Au: "Je, ni lini Serikali itakamilisha mazungumzo na vijiji juu ya matumizi ya Nusu Maili, na taarifa yake itawasilishwa wapi?" Maswali hayo hayamtukani mtu, lakini hayamwachii mtu nafasi ya kuzunguka.

Chama chaweza kumpa Mbunge nini ili aulize hivyo? Chaweza kumpa idadi ya wanachama wanaofuga ng'ombe wa ndani katika vijiji vya mpakani. Chaweza kumpa bei ya mzigo wa majani unaonunuliwa tambarare na nauli ya kuupandisha. Chaweza pia kumpa ushahidi wa wema wetu: miche tuliyootesha, miti tuliyopanda, na watu wetu waliopanda mlimani kusaidia kuuzima moto wa Oktoba 2020. Anayeomba kuaminiwa na msitu aonyeshe alivyoutunza.

Tena tujichunguze. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na chanzo cha maji. Nimepita kwenye vijito vya mlima huu, na nimeona mahindi na nyanya zikigusa maji. Baadhi ya mashamba hayo ni ya wanachama wetu, na mengine, kwa masikitiko, ni ya wajumbe wa bodi. Chama kitakachomtaka Mbunge aulize kwa nini mto umekauka kijiandae, maana Waziri naye aweza kutuma watu waje wapime mita hizo.

KULISOMA JIBU

Jibu likishatolewa, wengi wetu huridhika kwamba "tumesikika". Katibu mwema hulisoma jibu kama anavyosoma taarifa ya benki.

Likisema, "Serikali itajenga kwa kadiri fedha zitakavyopatikana," fahamuni kwamba hapajatengwa fedha. Likisema, "Upembuzi yakinifu unaendelea," maana yake bado wanapima kama kazi inafaa na itagharimu nini. Likisema, "Usanifu wa kina umekamilika," basi michoro ipo, nanyi mna haki ya kuuliza zabuni itatangazwa lini. Likisema, "Fedha zimetengwa katika mwaka wa fedha ujao," andikeni mwaka huo, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kutengewa fedha si sawa na kupokea fedha. Likisema, "Mkandarasi yuko kazini," nendeni mkamtazame.

Kila moja ya maneno hayo ni ngazi. Swali la nyongeza lifae kupanda ngazi moja tu juu ya jibu, lisirudie kilio cha mwanzo. Mbunge hawezi kuipanda ngazi hiyo kama hajui hali halisi ya siku ile. Atakayemwambia kwamba mkandarasi aliondoka wiki mbili zilizopita na greda limelala kwenye nyasi ni nani, kama si ninyi mnaopita hapo kila siku?

Kadhalika, tuheshimu majira. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, lakini makisio ya halmashauri huanza kupangwa miezi mingi kabla. Chama kinachoamka wakati wa masika, daraja likiwa limekwisha kuondoka, kimechelewa kwa mwaka huo. Wakati wa kuandika ni pale kahawa inapokusanywa, takwimu zikiwa mbichi mezani.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Nimalize kwa mapendekezo manne, nami nitayatazama nitakapokuja kukagua.

Kwanza, kila chama kifungue daftari moja la maswali. Upande wa kushoto liandikwe jambo, tarehe na hasara yake, pamoja na namba ya vocha au hati inayolithibitisha. Upande wa kulia liandikwe limepelekwa kwa nani, lini, na jibu lilisemaje.

Pili, hoja yoyote itokayo kwenye chama iwe azimio la mkutano, si mawazo ya mwenyekiti au ya katibu peke yake. Itiwe sahihi na mhuri, na nakala ibaki katika jalada.

Tatu, tusichanganye ushirika na vyama vya siasa. Nchi yetu imekuwa na vyama vingi tangu mwaka 1992, na ndani ya chama kimoja cha msingi mna wanachama wa kila upande. Kahawa yao hupimwa kwa mizani ile ile. Barua ya chama iende kwa Mbunge aliyechaguliwa, awe wa chama gani, na nakala yaweza kwenda kwa Mbunge wa Viti Maalum wa mkoa. Isitumike kumpigia mtu kampeni, wala kumwangusha.

Nne, jibu likipatikana lisomwe kwenye mkutano mkuu, hata kama ni jibu baya. Mwanachama aliyelipa gharama za wapagazi ana haki ya kusikia kwa masikio yake kile Serikali ilichosema juu ya daraja lake, ili mwaka ujao aulize yeye: "Ile ahadi imefikia wapi?"

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, navyo havikuruhusiwa tena hadi sheria ya mwaka 1982. Wazee waliokuwapo hueleza kwamba mizani na majengo yaliweza kurudishwa au kununuliwa upya. Vitabu vilivyopotea katika miaka ile havikurudi, na madai mengi ya haki yalikufa pamoja navyo. Wakumbukeni wazee hao kila mnapoona uvivu wa kuandika mstari mmoja.

Yule kijana aliyevunjika mkono amepona, na siku hizi ni mjumbe wa bodi ya chama chake. Nilipokwenda kukagua mara ya mwisho, ni yeye aliyeniletea daftari la maswali nilitazame. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya siku ile aliyoanguka mtoni, idadi ya magunia, na namba ya vocha ya matibabu yake. Nilitia alama yangu ya kijani, na safari hii nilisoma kwanza.